Ghorofa kumi na mbili, mlango mmoja

Mtu yeyote wa Lubumbashi anayeishi Ubelgiji ameshatumiwa picha ya namna hii kwenye simu: etaje mpya, yaani jengo la ghorofa nyingi, katikati ya mji, vioo vya buluu kutoka chini hadi juu, na maneno mawili ya kujivunia kwamba mji unapanda. Picha hupigwa kutoka ng'ambo ya barabara, simu ikiwa imeinuliwa, kwa hiyo mita nne za chini hazionekani kabisa. Na hizo ndizo zenye habari. Kwa anayepita kwa miguu, urefu wa jengo haumhusu sana. Kinachomhusu ni kama pale anapopita pana milango au pana ukuta. Etaje haziui barabara za Lubumbashi. Kinachoziua ni namna tunavyojenga ghorofa ya chini, na aibu ni kwamba tunaiga kwa gharama kubwa kile ambacho Bruxelles inalipa kukiondoa.

Anayetaka kuona njia hiyo inaishia wapi ashuke Gare du Nord, kituo cha treni cha kaskazini mwa Bruxelles. Mwaka 1967 Bruxelles ilipitisha mpango uliojulikana kama Plan Manhattan: kubomoa mitaa ya watu wa kipato cha chini nyuma ya kituo na kusimamisha minara ya ofisi mahali pake. Watu zaidi ya 10,000 waliondolewa. Ukaja mgogoro wa mafuta wa miaka ya 1970, fedha zikakauka, na viwanja vilivyokwisha kubomolewa vikakaa wazi miaka na miaka. Minara iliyofika mwisho ilikuwa ya ofisi tu. Saa kumi na mbili jioni makarani wanapanda treni, na barabara haina mtu hadi kesho yake asubuhi. Chini hakuna duka, hakuna mkahawa, kuna mlango wa kuzunguka, kuta za mawe ya kung'aa na njia ya magari kushuka chini ya ardhi. Ile minara miwili ya ofisi iitwayo WTC, yenye zaidi ya mita 100, imechunwa hadi ukabaki uti wa zege wa katikati, kisha ikajengwa upya iwe na ofisi, makazi na hoteli kwa pamoja. Yaani baada ya nusu karne wamekubali kwamba mtaa hauwezi kuishi kwa makarani peke yao.

Halafu upepo. Upepo wa juu una nguvu kuliko wa chini. Ukigonga uso wa mnara, kwenye kama theluthi mbili za urefu wake unagawanyika: sehemu inapita juu, sehemu inateremka ukutani na kumwagika miguuni pa watu. Dawa yake inajulikana: msingi mpana wa ghorofa mbili au tatu unaotokeza mbele ya mnara, au paa imara juu ya mlango, ili upepo uvunjike kabla ya kufika chini. Lubumbashi hatuna upepo wa namna hiyo, isipokuwa ule wa Agosti na Septemba unaobeba vumbi. Lakini likumbukeni hilo paa, maana kwetu lina kazi nyingine.

Sasa toka Gare du Nord uende Matonge, mtaa wa Wakongo hapo hapo Bruxelles, upande wa Porte de Namur. Nyumba za Chaussée de Wavre ni za ghorofa tatu, nne, na nyumba ya kawaida ya Bruxelles ina uso wa karibu mita sita tu. Kila mita sita mlango: nywele, sombe (kisamvu), samaki wa chumvi, vitenge, simu. Msanifu majengo wa Denmark, Jan Gehl, aliyetumia maisha yake kuhesabu watu barabarani, anasema barabara iliyochangamka ina milango 15 hadi 20 kwa kila mita 100. Anasema pia kwamba ukivuka ghorofa ya tano, aliye juu hamtambui tena aliye chini. Hesabu hiyo ya milango Wakongo wa Matonge hawakuisoma popote, wanaiishi.

Na katikati ya Lubumbashi tulikuwa nayo. Tazameni majengo ya zamani ya biashara kwenye Avenue Mama Yemo, Sendwe au Kasai: duka jembamba, jingine jembamba, na mbele yake baraza, ile njia ya miguu iliyofunikwa na ghorofa ya juu ikishikiliwa na nguzo. Uso wa mita 40 ukiwa na maduka manane ya mita tano ni milango 20 kwa mita 100, sawasawa na kipimo cha Gehl. Chini ya baraza ndipo anapokaa mbadilisha fedha na vifurushi vyake vya franka, mwenye vitabu vya mtumba, anayeuza salio, mpiga kiwi, mama mwenye karanga na ndizi. Hawakujipanga ovyo. Mbadilisha fedha anataka vitu vitatu: kivuli, kuona pande zote mbili za barabara, na kuwa hatua chache kutoka benki bila kuwa mlangoni pake. Mama wa mikate anataka mahali ambapo watu wanapunguza mwendo, na watu hupunguza mwendo penye milango. Ng'oa milango minane uweke ukumbi mmoja wa benki wenye vioo vyeusi, na watu watapita mbio kama wanavyopita ukuta wa gereza. Zamu, yaani mlinzi wa jengo, hata asipomfukuza yule mama, wateja wameshamkimbia.

Kuhusu kivuli kuna hadithi tunayodanganyana. Bruxelles wanagombana juu ya kivuli cha minara, na wana haki: adhuhuri ya Desemba jua lao halipandi zaidi ya nyuzi 16, na mnara wa mita 100 hutupa kivuli cha mita 350. Mtaa mzima unanyimwa jua. Huku kwetu mwenye jengo husema kinyume, kwamba etaje yake itawapa watu kivuli. Haitawapa. Lubumbashi iko karibu nyuzi 12 kusini mwa ikweta. Oktoba, mwezi wa joto kali, jua la adhuhuri liko utosini, na jengo la mita 36 miguuni pake halina kivuli cha kumfunika hata kuku. Mwezi wa Juni, wakati wa baridi, ambapo mama anatafuta jua la kuota, ndipo kivuli chake cha adhuhuri kinapofika mita 25 upande wa kusini. Kinachomfunika mtu Oktoba ni baraza na mti, basi. Baraza yenyewe ina mipaka. Ikiwa na kina cha mita tatu na kimo cha mita tatu na nusu, upande unaotazama magharibi inashindwa saa tisa alasiri, kwa sababu jua limeshuka hadi nyuzi kama 45 na linaingia hadi mlangoni. Upande huo panda mti. Na usipande jacaranda peke yake kwa sababu ya maua yake. Jacaranda hupukutisha majani mwishoni mwa kiangazi, wakati ule ule tunaouhitaji. Mwembe hauna mambo hayo.

Lakini adui mkubwa wa barabara zetu ni jenereta, na Bruxelles haina la kutufundisha hapo kwa sababu haimjui. Umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, ukikatika, jengo la ghorofa kumi na mbili haliwezi kungoja: lifti, pampu, viyoyozi. Grupu, ndiyo hiyo jenereta, ya kVA 250 ikibeba mzigo wote hunywa karibu lita 50 za mazutu (dizeli) kwa saa, na moshi wa lita hizo zote mara nyingi hutolewa kwa bomba fupi linalochungulia njia ya miguu kwenye kimo cha kifua cha mtu. Kwa nini chini? Kwa sababu kupandisha bomba hadi paani ni ghali na fundi wengi hawalipendi. Bomba refu lenye kipenyo kile kile huisonga injini: moshi unarudi nyuma, nguvu inapungua, mafuta yanaongezeka. Inabidi kuongeza kipenyo, kupunguza kona, kulifunga bomba lisichome ukuta, na kuweka koki chini kabisa ya kutolea maji yanayojikusanya ndani, la sivyo yanateremka kwenye injini. Yote hayo yanafanyika. Hayafanyiki kwa sababu hakuna anayeuliza, na anayevuta moshi si mpangaji wa ghorofa ya tisa.

Bila grupu, huyo mpangaji wa juu anapanda ngazi zaidi ya 150. Matokeo yake hashuki saa sita kula. Anamtuma kijana, au anakuja na chakula kutoka nyumbani. Watu wanasema etaje zinaleta wateja wengi barabarani. Zinaleta asubuhi na jioni.

Maji ni hivyo hivyo. Kila mita kumi za kupanda zinahitaji msukumo wa bar moja, kwa hiyo kuyafikisha maji kwenye bomba la ghorofa ya kumi na mbili kwa nguvu ya kutosha ni kama bar tano. Mtandao wa REGIDESO, shirika la maji, haukupangwa kwa hilo. Anayeunganisha pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa huyanyonya maji ya majirani. Njia ya haki ni tangi chini ya ardhi linalojaa taratibu usiku, kisha pampu ivute kutoka humo. Na maji yanayoingia lazima yatoke: watu 200 wakitumia lita 50 kila mmoja ni mita za ujazo kumi kwa siku. Mahali ambapo jengo linategemea shimo lake, na shimo ni lile lililochimbwa kwa nyumba ya familia moja, Desemba na Januari mvua zikikolea linafurika kwenye njia ya miguu. Hapo hata mwembe hausaidii.

Magari nitayapitia haraka kwa kuwa hesabu yake ni fupi. Gari moja pamoja na nafasi ya kugeuza hutaka karibu mita za mraba 25. Magari 40 ni mita 1,000, yaani parseli (kiwanja) nzima ya 25 kwa 40. Kama hukuchimba chini, magari yatalala kwenye njia ya miguu, na mwenye miguu atatembea kwenye lami kati ya manseba, yaani pikipiki za abiria, na taksi-basi.

Kazi ya ujenzi nayo. Etaje zetu hujengwa kwa fedha mkononi, ghorofa kwa ghorofa, bei ya shaba ikipanda tunapanda, ikishuka vyuma vinabaki vimechomoza angani. Wakati wote huo uzio wa mabati, mchanga na kokoto vinakalia njia. Bruxelles mjenzi hulipia sehemu ya barabara anayoikalia kwa muda anaoikalia, kwa hiyo ana haraka ya kuondoka, na njia ya kawaida ya miguu haitakiwi kupungua chini ya mita moja na nusu. Kabla ya hapo hubandika mabango mekundu, na kwa siku 15 au 30 mkazi yeyote anaweza kutazama michoro na kuandika pingamizi, kisha akaongee mbele ya tume. Hilo nalionea wivu. Kwetu jirani anajua jengo litakuwaje siku linapomzibia dirisha.

Wapo watakaosema kwamba meza barabarani ni uchafu na mji wa kisasa hauna wachuuzi. Mchuuzi huyo analipa kodi ya kila siku, na anaangalia barabara bure toka alfajiri. Bruxelles wanaajiri wataalamu kurudisha uhai chini ya minara, na huwezi kuuza hata yai la kuchemsha bila kibali. Lubumbashi uhai unakuja wenyewe asubuhi na beseni kichwani, nasi tunaweka mnyororo na vigae vinavyoteleza mvua ikinyesha.

Kwa wenzangu tunaotuma fedha za kujenga, haya yaandikwe kwenye mkataba kabla ya msingi. Baraza ya mita tatu kwenye uso wote wa barabara. Nguzo kila mita tano, ili kila nafasi iwe duka lenye mlango wake, mita yake ya umeme na choo nyuma. Sakafu isipande zaidi ya sentimita 15 juu ya njia. Ngazi tano za mbele hupunguza wateja na humzuia mwenye kiti cha magurudumu, na kazi ya kuzuia maji ifanywe na mfereji uliofunikwa. Maji ya paa yateremke ndani ya bomba hadi mfereji huo, kwa maana paa la mita 800 za mraba katika mvua ya milimita 50 humwaga mita za ujazo 40. Mlango wa ofisi za juu uwe mwembamba, pembeni. Benki ikitaka ukumbi mkubwa, ipande ghorofa ya kwanza na ibaki na mlango mmoja chini. Mtaambiwa benki hulipa vizuri kuliko maduka manane. Hulipa vizuri hadi siku inapohama, na ukumbi wa mita 40 hukaa tupu muda mrefu kuliko duka la mita tano.

Kati ya nguzo na nguzo acheni mita moja ya meza, na kodi yake ijulikane, iandikiwe risiti. Zamu apewe agizo kwa maandishi: njia ya gari na mlango wa dharura visizibwe. Kilichobaki si kazi yake.