Protini nyingi au mafuta zaidi katika chakula cha sato?

Wafugaji wengi wa sato katika vizimba vya Ziwa Victoria, iwe Ilemela au Sengerema, hutazama kwanza asilimia ya protini iliyoandikwa kwenye mfuko wa chakula, na wana sababu ya kufanya hivyo. Nyama ya samaki hujengwa kwa protini, na vifaranga wasiopata takriban asilimia 40 katika wiki zao za mwanzo hudumaa. Tena samaki wa kizimba hupata chakula kidogo cha asili kuliko yule wa bwawa lililorutubishwa kwa samadi, kwa hiyo kilichopungua kwenye mfuko hakifidiwi na maji.

Hoja hiyo, hata hivyo, hupungua nguvu kadiri samaki anavyokua. Sato anayenenepeshwa hutosheka na asilimia 28 hadi 32. Inayozidi hapo, au isiyoambatana na nishati ya kutosha, huchomwa mwilini, na naitrojeni yake hutoka kupitia matamvua ikiwa amonia, ambayo katika ghuba zenye maji yaliyotulia huwadhuru samaki wale wale. Mfugaji anakuwa amelipia kiungo cha bei kubwa, kisha amechafua maji yake.

Hapo wanaotetea mafuta wana haki ya kusikilizwa, kwa kuwa mafuta hutoa nishati zaidi ya mara mbili ya wanga kwa uzito ule ule, na yakiwepo kwa kiasi, protini huachiwa kazi ya kujenga mwili. Lakini sato humeng'enya wanga vizuri, tofauti na samaki wawindaji, hivyo faida ya kuyaongeza kupita asilimia 10 hivi ni ndogo. Ziada hujilimbikiza tumboni na kwenye ini, uzito unaotupwa samaki anapopasuliwa. Katika stoo ya bati yenye joto, mafuta hayo pia huchacha upesi.

Kwa maoni yangu, linalosahaulika zaidi ni chanzo cha protini yenyewe. Dagaa ni bora, ila ni kitoweo cha watu, na anayewanunua Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, kwa ajili ya vizimba anashindana na familia zenye kipato kidogo. Mashudu ya pamba yana gosipoli, ambayo ni sumu ikizidi; ya alizeti yana nyuzinyuzi nyingi na lisini kidogo, yaani mojawapo ya asidi amino zinazounda protini. Kwa sato wa kunenepesha, ningechukua mfuko wa asilimia 30 uliotengenezwa kwa soya iliyopikwa na dagaa kidogo, wenye mafuta ya asilimia 6 hadi 8, kabla ya ule wa asilimia 38 usiotaja viungo vyake.