"Nani kasema?"

Nilipokuwa mdogo kazi yangu ya alasiri ilikuwa kushuka jeti kungoja gazeti. Sisi wa Lamu gazeti la asubuhi tulilisoma jioni, maana latoka Mombasa kwa basi, lipite Malindi, lifike Mokowe, kisha livuke na boti, na mvua ikiharibu njia huko Witu basi la leo utalipata kesho, na hakuna aliyelalamika. Nikimpelekea babu Taifa Leo yake kibarazani, mzee mwenye macho mazuri ndiye alisoma kwa sauti, wengine wamkatiza, "hebu rudia hapo," wabishane mpaka adhana ya magharibi. Nakala moja, watu kumi, halafu mwishowe lafungiwa njugu.

Sasa babu hayupo na simu kila mtu anayo. Sisemi habari za onlaini ni mbaya, mimi mwenyewe nazisoma kila siku na kisiwa kama chetu kimefaidika sana, hatungoji boti tena. Na si kwetu tu, Uingereza gazeti la The Independent liliacha karatasi 2016, na kule Vienna Wiener Zeitung, gazeti la tangu 1703, likaacha kuchapwa kila siku 2023. Matangazo yamehamia Google na Facebook, na matangazo ndiyo yaliyokuwa yakimlipa mwandishi, zile shilingi za kununulia nakala hazikutosha. Sasa mwandishi wa kupanda boti mpaka Kizingitini akawaulize wavuvi hali zao, nauli atampa nani?

Hapo ndipo roho inaniuma. Mwaka jana usiku kwenye grupu la familia iliingia sauti ya mtu, eti boti ya kutoka Faza imezama, na picha ya watu wanaelea. Shangazi yangu mwanawe alikuwa safarini siku hiyo. Alikaa chini pale pale jikoni, mwiko mkononi, hakulia, aliuliza tu "nani kasema?" na sote tuliokuwa pale na simu zetu tukanyamaza, maana hakuna aliyejua. Kijana alikuwa salama huko Mtangawanda, kisiwani Pate, simu imezima chaji, na ile picha wala si ya huku kwetu, lakini shangazi alikuwa keshakaa saa nne nzima akiamini mtoto kafa.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha Al-Islah kule Mombasa 1932 kila mtu alijua gazeti ni la nani, ukitaka kumpinga unajua pa kumfuata. Ile sauti ya usiku ule utamfuata nani? Imeshapita kwenye simu mia.

Mimi sasa nalipia gazeti la kwenye simu kila mwezi, si pesa nyingi, ni kama bando la siku chache. Na kwenye grupu tumeweka sharti, ukileta habari useme imeandikwa na nani na wapi, huwezi basi ifute. Shangazi ndiye msimamizi.