Msamaha wa Kikristo Bukavu: nani anausema, na lini?

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwanamke aliyebakwa akimkimbilia mchungaji kabla ya kufika hospitali, jibu la kwanza analopewa laweza kuamua afya yake. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianzwe ndani ya saa 72, kisha zimezwe siku 28. Akiambiwa "kwanza tuombe, umsamehe, tusitoe aibu nje", siku hizo tatu zinapita, nguo zinafuliwa na ushahidi unakwenda na maji.

Hata hivyo, wanaotaka msamaha utangulie wana hoja nzito, na si haki kuwaita waoga. Yesu msalabani aliwaombea waliomsulubisha kabla hawajatubu (Luka 23:34). Tena nchi yao wanaijua. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo ya Oktoba 2010 iliorodhesha matukio 617 ya ukatili mkubwa kati ya 1993 na 2003, na mahakama maalumu ya kuyahukumu haijaundwa. Wengi hata hawamjui aliyewatenda: alikuja usiku, akarudi msituni. Kumtaka mjane angoje mpaka muuaji aje kuomba radhi ni kumwachia muuaji mamlaka juu ya moyo wake.

Na hapa Kivu msamaha una kazi moja ninayoiona kubwa kuliko zote: kuzuia kosa la mtu mmoja lisidaiwe kwa kabila zima. Ezekieli 18:20 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Muumini anayelishika neno hilo hamgeuzi jirani kuwa adui kwa sababu ya lugha anayoisema, wala hamtengi mtoto aliyezaliwa kwa ubakaji. Upendo wa namna hiyo unaokoa watu, na hakuna hakimu awezaye kuuamuru.

Lakini tutazame Kavumu, kaskazini mwa Bukavu. Kati ya 2013 na 2016 watoto wa kike wapatao 40 waliibwa usiku majumbani mwao na kubakwa. Wanamgambo waliohusika walijulikana kwa jina la Jeshi la Yesu, na kiongozi wao alikuwa mbunge wa jimbo. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliwahukumu watu 11 kifungo cha maisha, baada ya mashahidi kusema wakiwa wamefunikwa nyuso. Mzazi aliyeshtaki hakuvunja amri ya upendo. Alimpenda binti wa jirani ambaye zamu yake ingefuata. Mahubiri mengi huliruka jambo hili. Anayesamehe anaachilia deni lake mwenyewe, hana ruhusa ya kuachilia la mtoto atakayebakwa kesho.

Maandiko nayo hayamwungi mkono mwenye haraka. "Kama ndugu yako akikosa, mwonye, akitubu msamehe" (Luka 17:3): kuonya kumetangulia. Zakayo mtoza ushuru aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Kwa Wakatoliki, Sakramenti ya Kitubio inamdai mkosaji majuto, maungamo na malipizi, na hakuna mahali inapomdai aliyekosewa anyamaze.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kumaliza mambo kifamilia. Wazee wanakaa, baba wa binti anapewa mbuzi au pesa, watu wanaomba, binti mwenyewe hakuulizwa kitu. Aliyetenda anarudi kwaya Jumapili, na vijana wenzake wamekwisha kujua bei. Sheria ya 2006 kuhusu ubakaji imekataza kesi hizi kufungwa kwa faini ya mapatano. Kosa la pili ni kumsimamisha mwathirika mbele ya waumini aseme "nimesamehe". Kinywa kinatii, usingizi unakataa kuja, kisha anajiona mwenye dhambi kwa kuwa hasira bado ipo.

Tarehe 1 Februari 2023, Kinshasa, waathirika kutoka mashariki walikutana na Papa Fransisko. Kwanza walisimulia waliyotendewa. Kisha wakaweka vitu chini ya msalaba: kijana mmoja panga kama lile lililomuua baba yake, mwanamke mmoja mkeka. Msamaha ulisemwa na walioumizwa wenyewe, ukweli ukiwa umekwisha kusikika. Utaratibu huo ndio ninaoutetea.

Kwa kiongozi wa kanisa, maana yake ni hii. Mpeleke aliyebakwa hospitali saa ileile. Katika hospitali ya Panzi, hapa Bukavu, kwa mfano, tiba, ushauri na msaada wa kisheria viko pamoja. Nguo zisifuliwe, ziwekwe katika mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki inatunza unyevu unaoharibu alama. Amsindikize mtu mmoja anayetunza siri. Asikalishwe kamwe chumba kimoja na aliyemtenda. Neno la msamaha alianzishe yeye, hata ikichukua miaka. Tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025, njia ya mahakama imekuwa ngumu zaidi, kwa hiyo cheti cha daktari kitolewe nakala na kufichwa mahali salama: uhalifu dhidi ya binadamu hauozi kisheria, unaweza kushtakiwa hata baada ya miaka mingi.

Na mkosaji anayelia mbele ya padri? Asifukuzwe. Aambiwe kwamba toba yake inapitia kwa mwendesha mashtaka, akiri huko, alipe fidia kadiri awezavyo, na padri aahidi kumtembelea gerezani, kwa maana Mathayo 25 haikuwatenga wafungwa wenye hatia.