Viazi karai bila ukwaju ni viazi tu

Juzi baada ya magharibi nilisimama pale pangu pa kila wiki, karibu na soko la Malindi, nikaagiza viazi karai. Mama akavipasua vikiwa bado vinafuka moshi, akashika chupa nyekundu ya plastiki, akavimiminia. Nikatia kimoja kinywani. Uchachu ulinipanda puani, ukanikereketa koo, kisha ukapotea. Siki.

"Mamangu, ukwaju umeisha?"

"Ukwaju una kazi, dadangu. Hiyo ni sosi ya tungule, nimeiongeza maji na siki. Watu wanakula."

Nililipa, nikala, maana chakula hakitupwi. Lakini njia yangu ya nyumbani inapita chini ya mkwaju mkubwa, na usiku ule nikamulika chini kwa tochi ya simu. Ukwaju umeenea njia nzima. Tuktuk zimeuponda, maganda yamekuwa unga, mbegu zinang'aa vumbini kama shanga. Kutoka kwenye lile karai hadi pale ni mwendo wa dakika 5.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Ukwaju ungekuwa unatoka mbali ningenyamaza. Lakini mti huu ni wa kwetu. Waarabu waliuita tamar hindi, tende ya India, wataalamu wakaja kuongeza indica mwishoni, ukawa Tamarindus indica: India mara mbili kwenye jina moja, ilhali asili yake ni Afrika. Umetuotea wenyewe, hatukuupanda wala hatuumwagilii maji, unatumwagia matunda hadi mlangoni, nasi tunayakanyaga tukienda dukani kununua chupa.

Na siki haiwezi kushika nafasi ya ukwaju. Asidi ya siki huruka na mvuke, ndiyo maana unainusa kabla hujaionja. Asidi ya ukwaju ni ile inayopatikana pia kwenye zabibu, nayo hairuki. Inakaa. Inakukamata nyuma ya mataya, mate yanajaa, halafu utamu wa tunda unafuata taratibu, kwa sababu ukwaju ukiiva unaongeza sukari bila kupoteza ukali wake. Kiazi kilichovikwa unga na bizari, kikanywa mafuta, kinahitaji kitu cha namna hiyo cha kuyakata yale mafuta. Mishkaki vilevile. Samaki wa kukaanga ndiye zaidi.

Nyanya yangu alikuwa akitutuma kuokota asubuhi. Jua la utosi hapana, magharibi hapana, kwa sababu ya wenyewe wanaokaa mkwajuni, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ni kina nani. Tulilelewa kwamba ulio mtini ni wa mwenye mti, ulioanguka ni wa mwokotaji. Wazee waliposema mtaka cha mvunguni sharti ainame, mimi niliyaelewa maneno hayo kwa kiuno changu.

Basi kuokota ni hivi. Chukua ule ambao ganda lake ni la kahawia na linavunjika kwa vidole, likilia kavu. Wenye tundu uache, humo mdudu ameshatangulia. Ulioanguka njiani pa magari uache pia. Ukifika nyumbani umenye, uvute zile nyuzi zinazoshika tunda kama mishipa, zitoke zote. Nusu kilo ya ukwaju uliomenywa iloweke kwenye maji ya moto lita 1 na nusu, uiache nusu saa, kisha ingiza mkono uvuruge. Mkono, si kijiko. Mkono ndio unaojua kama nyama imeachana na mbegu. Chuja kwa kung'uto, makapi yarudishie maji kidogo, ukamue tena, maana ladha nyingi imejificha humo.

Kupika ndiko wengi wanakokosea. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na ukwaju unaila alumini, rojo likatoka na ladha ya chuma. Tumia sufuria ya stili au chungu cha udongo. Nyanya alikuwa akiyachukua yale makapi ya mwisho na kuyasugulia sinia la shaba, linatoka linawaka kama limenunuliwa leo. Tunda lenye nguvu ya kung'arisha shaba hulipiki kwenye chombo chochote tu.

Weka moto mdogo. Tia thomu iliyotwangwa, tangawizi, pilipili, chumvi, jira uliyoikaanga kavu ukaisaga. Utamu mimi naupata kwa tende, konzi moja iliyolowekwa na kupondwa, na sukari naongeza tu nikiona haja. Koroga kwa mwiko, usiondoke, maana likianza kuwa zito linashika chini. Baada ya dakika 20 hivi dondosha tone kwenye sahani baridi. Maji yakijitenga pembeni, bado. Tone likikaa pamoja, epua. Mimina likiwa moto kwenye chupa za kioo ulizozichemsha. Kwangu linakaa kwenye friji wiki kadhaa, na siku ya tatu ni tamu kuliko siku ya kwanza.

Nakubali, ingawa moyo hautaki: yule mama ana haki. Anaamka alfajiri kumenya viazi, ana watoto, na chupa ya dukani ina ladha ileile leo na kesho. Ukwaju wa mti huu si sawa na wa mti ule, na kuumenya kunachosha vidole hadi kucha zinauma. Hilo silipingi.

Ila hoteli za ufuoni zinamwekea mgeni samaki na rojo la ukwaju, naye analipa vizuri. Na mkwaju tusioona faida yake ndio wa kwanza kugeuzwa makaa.

Jana nilimpelekea yule mama chupa moja. Aliionja kwa ncha ya kidole, akafumba jicho moja, akanyamaza kidogo.

"Umeokota wapi?"

Nikamwelekeza. Akacheka, akasema mti huo anaupita kila siku na beseni kichwani. Kisha akaniuliza nani atakayemenya wote ule, na swali lake lilikuwa la kweli. Nikamwambia Alhamisi baada ya alasiri nitakuja na ungo wangu, tumenye pamoja. Akaiweka chupa yangu kando ya ile nyekundu.