Dada yangu hakuwa na karatasi

Mwaka wa kwanza nilimchana nywele kila asubuhi mtoto tuliyekabidhiwa kumlea, lakini kuzikata sikuwa na ruhusa. Zilikuwa zimemfika shingoni, zimejisokota, zinashika makombo ya mkate na uji. Nikamwuliza afisa wa ustawi wa jamii kama naweza kumpeleka kwa kinyozi. Akasema ngoja kwanza, tumwulize mama yake mzazi. Jibu lilichukua wiki tatu. Mke wangu, Mama Neema, alipomsimulia mama yangu kule Goma, mashariki mwa Kongo, mama alicheka mpaka akakohoa. "Huyo mutoto munamulea," akauliza, "ao munamuchungia mwenyewe?"

Swali hilo limenikaa kichwani hadi leo.

Ninaishi kaskazini mwa Uingereza, mwaka wa kumi na tatu sasa. Mtoto nitamwita Baraka, jina lake halisi si la kuandikwa hapa. Aliletwa usiku akiwa na miezi kumi na minne, amevaa koti la mtoto mkubwa kuliko yeye, na nepi tatu ndani ya mfuko wa plastiki. Tuliambiwa ni kwa wiki mbili. Mwaka huu ameanza shule, na sisi tumeomba mahakama ituruhusu kumwasili, yaani awe mtoto wetu kisheria.

Neno "kuasili" nimelizoea huku. Kwetu Majengo, mtaa wa Goma, hakuna aliyelitumia. Tulisema fulani amechukua mtoto, basi, habari imeisha. Hakuna aliyekuja kupima chumba kwa futi, kufungua friji, au kukuuliza baba yako alikuwa akikuchapa kwa nini na kwa fimbo gani. Mimi niliulizwa yote hayo, kisha nikakaa mbele ya watu wapatao kumi wasionijua, waamue kama nafaa. Na jioni, mtoto akishalala, nilikuwa naandika ripoti: leo amekula vizuri, leo amelia dakika ishirini baada ya kumwona mama yake. Ndugu zangu wa WhatsApp kinachowashangaza zaidi ni kwamba walezi huku wanapewa posho ya kila wiki. "Mama amelea wangapi? Nani amemlipa?" Kweli, hakuna aliyemlipa. Lakini hiyo hadithi ina sehemu ya pili ambayo hawapendi kuikumbuka.

Alhamisi ya tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, moto ukashuka hadi katikati ya mji na kuingia ziwani. Tulikimbilia Gisenyi, Rwanda, ng'ambo ya mpaka, na magodoro kichwani. Siku chache baadaye tulirudi, mawe bado yanatoa joto chini ya viatu, na mama alirudi na watoto sita badala ya watano. Wa sita alikuwa msichana wa kama miaka mitatu, ameokotwa karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpakani, anajua jina lake moja tu. Mama alimpeleka kwa watu wa Msalaba Mwekundu, akapigwa picha, majina yakaandikwa. Tukangoja. Hakuja mtu. Akawa dada yangu. Alilala kitanda kimoja na mama, akavaa sare yangu ya zamani iliyopunguzwa, akajua kupika sombe, yaani kisamvu, kuliko dada zangu wa tumbo moja.

Mwaka baba alipofariki, baba wadogo walikaa sebuleni kugawa parsele, yaani kiwanja chake. Walipofika kwa dada yangu huyo, mmoja akasema, kwa upole kabisa, bila hata kupandisha sauti: "Huyu tumemlea, tunamshukuru Mungu. Lakini hapa tunaongea na watoto wa marehemu." Dada alikuwa jikoni anawapikia wao.

Sheria ya Familia ya Kongo, ile ya 1987 iliyorekebishwa 2016, inasema wazi: mtoto aliyeasiliwa yumo katika kundi la kwanza la warithi, sawasawa na watoto wa kuzaa, na kundi hilo linapata robo tatu ya mali. Tangu 2009 kuna pia sheria ya kumlinda mtoto, iliyoanzisha mahakama za watoto. Kwa hiyo sheria ipo. Kilichokosekana ni hukumu ya hakimu yenye jina la dada yangu. Sasa mama angekwenda mahakamani kuomba nini, wakati mtoto alikuwa tayari analala ubavuni mwake? Sisi watano tulijikata kila mmoja kidogo tukampa. Alipokea, akasema aksanti. Lakini kupewa si kurithi, na yeye alilijua hilo kuliko sisi.

Ndiyo maana sicheki tena makaratasi. Wenzangu wa Kikongo huku wanaponiambia Wazungu wanaiba watoto kwa makaratasi, nawajibu kwamba sisi tunawapoteza kwa kukosa makaratasi.

Hata hivyo hao wenzangu hawajakosea kabisa.

Mama mzazi wa Baraka ni msichana wa hapa hapa, mdogo, mwembamba, na matatizo yake si yangu kuyasimulia. Kila wanapokutana, kwenye chumba chenye meza ya plastiki na mtu wa kuandika kila neno, anamletea soksi. Ni ndogo daima. Ananunua kipimo cha mguu aliouacha. Mama Neema hajawahi kumwambia. Anazipokea, anazikunja, anaziweka kwenye boksi la viatu juu ya kabati. Zimefika jozi kumi na moja.

Sheria ya Uingereza ya 2002 inamruhusu mlezi kuomba kumwasili mtoto aliyekaa naye mwaka mzima. Hilo ni zuri. Lakini hakimu akikubali, haki zote za mama zinakoma siku hiyohiyo, mtoto anapata cheti kipya chenye majina yetu, na mbele ya sheria yule msichana wa soksi si mama yake tena. Kinachobaki mara nyingi ni barua moja au mbili kwa mwaka kupitia ofisi. Sheria yetu ya Kongo, ambayo karibu hakuna anayeifuata, iliona mbali zaidi: inasema aliyeasiliwa ni kama amezaliwa na aliyemwasili, na hapohapo haondolewi katika ukoo wake wa asili. Nilipomweleza hivyo afisa wetu alidhani natania.

Akatupendekezea njia nyingine, ya ulezi maalumu, ambayo haimfuti mama. Tuliizungusha usiku kucha, chai ikapoa mara mbili. Lakini ulezi huo unaisha mtoto akifika miaka 18, na peke yake haumpi urithi. Miaka 18! Kwetu huo ndio umri wa mtoto kuanza kukuhitaji kwa ada ya chuo. Nikamwona dada yangu jikoni, na wale wazee sebuleni. Tukachagua kuasili, na tukaandika kwenye maombi kwamba tunataka aendelee kumwona mama yake uso kwa uso. Hakimu atasema lake. Kama ningeulizwa ningelisema hilo bila aibu: katika jambo hili moja Kinshasa iliandika vizuri kuliko London.

Mama ana miaka zaidi ya sabini na bado hajaacha. Goma ilipotekwa Januari 2025, na kambi za wakimbizi kuvunjwa mwezi uliofuata, alichukua mvulana wa kama miaka minane aliyepotezana na watu wake. Nilipiga simu nikiwa mkali, kama afisa. Umeandikisha? Nyumba kumi anajua? Picha ipo? Akanikatiza: mahakama zimesimama, mwanangu, unataka niende kwa nani?

Kisha simu ikachukuliwa na dada. Anakaa karibu, huja kila jioni. Akaniambia amenunua daftari la shule la kurasa mia. Ukurasa wa kwanza ameandika tarehe mvulana alipofika, rangi ya shati lake, kovu lililo kwenye goti la kushoto, na jina la kijiji jinsi mwenyewe anavyolitamka. Kila jioni anaongeza mstari mmoja, anachokumbuka mtoto siku hiyo.

Akanisomea wa jana. "Anasema mama yake huimba akiosha vyombo."