Visiwa Tunavyovipita Kila Siku

"Kisiwa ni sehemu ya nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote." Sentensi hiyo nimeiandika ubaoni miaka nenda rudi, na wanafunzi wangu hapa Kigoma wameinakili bila kunung'unika, ingawa wengi wao hawajawahi kukanyaga kisiwa. Upande wetu wa Ziwa Tanganyika si kama Victoria, lenye Ukerewe, Ukara, Kome na Rubondo. Huku ni mawe, milima, mchanga, na milima mingine ya Kongo ng'ambo hewa ikitakata.

Kwa hiyo nilipotangaza kwamba somo la visiwa na mageuko ya viumbe tutalisomea ndani ya boti, tukielekea hifadhi ya sokwe ya Gombe, wenzangu ofisini walicheka. Mzazi mmoja alinisubiri getini. "Mwalimu, nauli yote hiyo watoto wakaangalie nyani?" Nikamwambia ni sokwe. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa ugali si ugali, ni sima.

Mimi sina ugomvi na Darwin, yule mwanasayansi wa mageuko ya viumbe. Kidato cha nne lazima wamjue: mwaka 1835 alifika visiwa vya Galápagos, akakaa kama wiki tano katika safari ya meli iliyochukua karibu miaka mitano, na leo dunia nzima inasoma jinsi midomo ya ndege wa kule inavyotofautiana kisiwa kwa kisiwa. Sawa. Kinachoniudhi ni mtoto wa Kibirizi kukariri midomo ya ndege wa Bahari ya Pasifiki, ilhali chini ya mtumbwi wa baba yake kuna samaki wa ukoo mmoja waliogawanyika kuwa spishi zaidi ya 200, na karibu zote hazipo kwingine popote duniani. Kwa hesabu hiyo, Darwin angeanzia Ujiji angerudi kwao na madaftari mengi zaidi.

Tuliondoka Kibirizi asubuhi, ziwa likiwa limelala. Kina mama walikuwa wanaanika dagaa. Wanafunzi watatu walianza kutapika kabla hata hatujaupoteza ufuko, mmoja wao akiwa ndiye aliyejigamba jana yake kwamba yeye ni mtoto wa mvuvi. Nilimwomba nahodha azime injini tulipofika kwenye mawe, tukainama ubavuni. Maji ya Tanganyika ni maangavu kiasi kwamba unaona kivuli cha boti kikitembea juu ya jiwe kule chini.

Hapo ndipo somo lilipokaa. Kuna samaki wa kiasi cha kiganja, wanasayansi wanamwita Tropheus, anayekula mwani unaoota juu ya mawe. Haendi mbali na mawe, maana kwenye mchanga mtupu hakuna chakula wala pa kujificha. Jike huatamia mayai mdomoni, na watoto wakitoka wanabaki palepale alipo mama yao. Matokeo yake, mawe ya huku yana samaki wenye mkanda wa njano, ukivuka mchanga ukafika mawe mengine unakuta wekundu, mbele zaidi weusi. Kwa samaki huyo mchanga ndio bahari, na kila rundo la mawe ni kisiwa. Ziwa linakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 9 hadi 12, kwa hiyo muda wa kubadilika walikuwa nao. Yule mtoto wa mvuvi, bado macho mekundu, akasema, "Kumbe hawa ndio wale wanaokuja kuvuliwa wakauzwe Ulaya wawekwe kwenye matangi ya vioo." Ndio hao. Ulaya wanawajua kuliko sisi.

Historia nayo ilitaka nafasi yake. Nilijiwekea sharti moja: nisitaje ule mkutano wa Livingstone na Stanley pale Ujiji, Novemba 1871, kwa sababu kila mgeni analetewa habari hiyo kabla hajaketi. Kinachonivutia ni walichofanya baada ya kusalimiana. Walipanda mtumbwi, wakaelekea kaskazini kwa kuufuata mwambao huuhuu tuliokuwa tunaupita, wakatafute jibu la swali lililokuwa linawagombanisha wakubwa London: Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Kama unatoka, labda Tanganyika ndiyo chanzo cha Nile. Wakafika, wakaona unaingia. Burton na Speke, wapelelezi Waingereza waliowatangulia, walikuwa wameambiwa hivyohivyo na wenyeji wa Uvira mwaka 1858, lakini neno la mwenyeji halikutosha kumaliza mjadala. Nikawauliza wanafunzi: wale waliokuwa wanapiga makasia, mnadhani hawakujua? Nahodha wetu alicheka peke yake kule nyuma. Nadhani swali hilo limewahi kumpata.

Kisha Gombe. Darasani tunasema ni hifadhi ya taifa tangu 1968, mtafiti Jane Goodall alifika Julai 1960, akaona sokwe akichokonoa mchwa kwa kijiti. Yote kweli, na yote unaweza kuyajua ukiwa umekaa Dodoma. Usichoweza kukijua bila boti ni umbo la mahali penyewe. Ukiwa ziwani unaiona Gombe yote kama kitambaa kilichotiwa kiraka: vilima vya mihogo na michikichi, halafu ghafla msitu mzito mabondeni, halafu vilima vya mashamba tena. Magharibi ni maji. Mashariki, juu ya ukingo wa mlima, ni watu. Binti mmoja ambaye darasani hafungui kinywa alisema taratibu, "Mwalimu, mbona hiki ni kisiwa?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu ya kufika kwenye jibu hilo, nikayameza. Nikawaongezea jambo moja tu: kwa sokwe, dume hubaki alipozaliwa, jike akikua ndiye anayehamia jamii nyingine, kama desturi nyingi za kwetu. Sasa jamii nyingine akaitafute wapi, na apite njia gani? Damu ikizunguka palepale, ukoo unadhoofika.

Sitaki mtu anisome kana kwamba nawalaumu wanaolima vile vilima. Mkoa huu umepokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo kwa miaka mingi, na wenyeji nao wamezidi kuongezeka. Sufuria haijui habari za hifadhi. Tangu TACARE, mradi wa Taasisi ya Jane Goodall wa kuhifadhi mazingira pamoja na wanavijiji, uanze mwaka 1994, vijiji jirani vimepanga matumizi ya ardhi na kutenga misitu yao, na ukiangalia vizuri kutoka ziwani kuna sehemu miti imeanza kurudi. Wanafunzi waliiona wenyewe wakabishana kama ni miti au ni vivuli vya mawingu.

Wanaoniambia kikwazo ni gharama za kuingia hifadhini hawajafanya hesabu. Mlaji mkubwa ni petroli ya boti, akifuatiwa na maboya ya kuvaa, ambayo sikukubali hata mmoja apande bila nayo. Lakini hata usipoingia hifadhini kabisa, mawe ni bure na Gombe kuitazama kutoka ziwani ni bure. Shule ya mwambao inayopata fedha za kuwapeleka watoto kutazama maghorofa ya Dar es Salaam haiwezi kuniambia imekosa za kuwapeleka kilomita chache kutoka mlangoni kwao.

Tulirudi mchana na upepo umeamka, tukalowa wote, daftari langu la mahudhurio halisomeki tena. Nilimuuliza nahodha lini tunaweza kurudia na kidato cha tatu. Akaniambia nije kipindi cha mbalamwezi, maana kukiwa giza yeye na ndugu zake wanakesha kwenye dagaa na mchana hana macho ya kubeba watoto wa watu. Nimeangalia kalenda. Mbalamwezi ijayo imeangukia wiki ya mtihani wa majaribio.