Kutafuta machapisho nako kupewe alama

Kila msimu wa mapendekezo ya utafiti nasoma kazi za wanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Mbeya, na sura ya pili, ile ya mapitio ya machapisho, ndiyo inayonisononesha. Mada ni nzuri: viazi vya Uporoto, parachichi za Rungwe, kahawa ya Mbozi. Ukishuka kwenye marejeo unakutana na kurasa za mtandaoni zisizo na mwandishi wala mwaka, na siku hizi hata makala ambazo hazipo kabisa, zimetungwa na programu ya akili mnemba. Msimamo wangu ni kwamba hatuna haki ya kumlaumu mwanafunzi kwa jambo ambalo hatumfundishi wala hatulisahihishi.

Tunachofanya sasa ni kumtembeza maktabani wiki ya kwanza. Anaoneshwa rafu, anaoneshwa kaunta ya kuazimia vitabu, basi. Miaka miwili baadaye msimamizi anamwambia, "Nenda kasome machapisho." Akasome wapi? Anafungua Google kwenye simu na kuchukua kilichotokea juu.

Na vyanzo vipo. Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida ya kisayansi bure au kwa bei nafuu, ilianza mwaka 2002 kwa mpango wa HINARI wa Shirika la Afya Duniani, mwaka uliofuata ikaja AGORA ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa ajili ya kilimo, na Tanzania iko katika kundi la nchi ambazo vyuo vyake havilipii. Chuo kikishajisajili, neno la siri liko kwa mkutubi. AJOL (African Journals Online), iliyoanza 1998, inakusanya majarida yanayochapishwa Afrika, likiwemo Tanzania Journal of Agricultural Sciences. Tasnifu nyingi za SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, nazo ziko kwenye hazina yao ya mtandaoni. Bando linauma, nakubali, lakini ikisiri, yaani muhtasari wa makala, ni maandishi machache tu. PDF isubiri hadi ufike kwenye Wi-Fi ya chuo.

Kazi kubwa ni kujua uandike nini kwenye kisanduku cha kutafutia. Chukua mwanafunzi anayefuatilia bakajani chelewa, ugonjwa unaounguza shamba zima la viazi mvua na baridi vikizidi. Akiandika swali refu kama anayemuuliza jirani, atavuna mchanganyiko. Aandike jina la kisayansi, "Phytophthora infestans", ndani ya alama za kunukuu ili maneno yasitenganishwe, kisha AND (yaani vyote viwili viwepo), kisha Tanzania.

Hapo linakuja jambo ambalo miongozo ya utafutaji iliyoandikwa nje haiwezi kumwambia: mikoa yetu imegawanywa. Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012, Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016. Makala ya 2008 kuhusu viazi vya Makete itasema ni mkoani Iringa, na ya kahawa ya Mbozi ya miaka hiyo itasema Mbeya. Kuna pia watafiti wanaoandika "Southern Highlands" (Nyanda za Juu Kusini) tu kwenye kichwa cha makala bila kutaja mkoa wala wilaya. Kwa hiyo anayetafuta habari za Njombe aandike Njombe OR Iringa OR "Southern Highlands", OR ikimaanisha lolote kati ya hayo, azizungushie mabano, ndipo aunganishe na jina la ugonjwa au zao. Mtu akitafuta kwa neno Njombe peke yake, sehemu kubwa ya tafiti za zamani itampita, halafu ataandika kwa ujasiri kwamba "hakuna utafiti uliofanyika eneo hili." Sentensi hiyo naikuta mara nyingi mno, na inawaonea watafiti waliotangulia.

Akishapata makala moja nzuri, asiiache haraka. Google Scholar huonesha chini yake idadi ya kazi zilizoinukuu. Akibofya hapo, makala ya zamani inamfikisha kwenye kazi za juzi. Kando yake kuna kiungo cha matoleo yote, na pengine moja ni PDF ya bure iliyowekwa na chuo cha mwandishi.

Ninachopendekeza ni ukurasa mmoja uambatanishwe na pendekezo la utafiti: kanzidata zipi (hazina za kutafutia kama AJOL) zilitumika, maneno gani yaliandikwa, makala ngapi zilipatikana, zipi zimeachwa na kwa nini. Upewe alama kumi katika mia. Wapo wenzangu wanaosema madarasa ni makubwa. Ni kweli, ila ukurasa huo husomwa kwa dakika chache na unaonesha nani amehangaika kuliko sura nzima iliyopambwa. Hata marejeo ya kutunga yatakamatwa mapema, kwa sababu kila makala italazimika kuwa na mahali ilipopatikana.

Mkutubi naye aingie kwenye ratiba. Amesomea kazi hii, sisi tunamwachia kugonga mihuri na kunyamazisha watu. Apewe saa mbili kwenye maabara ya kompyuta, kila mwanafunzi akiwa na jambo lake analolitafuta, na saa hizo ziwe kabla ya kuchagua mada. Mada nyingi zinazokwama karibu na kukabidhi kazi zilihitaji mtu aangalie tu, tangu mwanzo, kama swali hilo limeshajibiwa.